Miguu ya Kaa: Nani Amempika Kwanza?

Mdogo wangu anaishi Minneapolis, na simu zake za Jumamosi aghalabu ni za jikoni. Safari moja alinunua miguu ya kaa supamaketi: mirefu kama fimbo, myekundu, imeganda barafu, na bei yake ilimfanya afiche risiti. Akaichemsha kama alivyozoea kumwona mama akifanya kwetu Tanga. Maji yakatokota, chumvi ikatiwa gao zima, sufuria ikafunikwa, zikapita dakika 20. "Dada," akaniambia, "nimekula nyuzi za chumvi." Nyama ilisinyaa, ikagandamana na gamba, na watoto wakaomba mkate na siagi.

Mama hakukosea, na mdogo wangu hakusahau alichofundishwa. Ila mama alikuwa akimpika kaa, na mdogo wangu alimpika mara ya pili kaa aliyekwisha kupikwa kiwandani, maelfu ya kilomita kutoka jikoni kwake. Tangu siku ile naona kwamba karibu kila ubishi juu ya miguu ya kaa, kama ichemshwe au ipikwe kwa mvuke, dakika 5 au 20, chumvi au bila chumvi, siagi au tui, hauamuliki mpaka lijibiwe swali linalotangulia: nani amempika kwanza?

Miguu inayouzwa peke yake, bila kiwiliwili, ni bidhaa ya bahari za baridi. Iko ya kaa wa theluji na iko ya kaa mfalme, nao huvuliwa Bahari ya Bering upande wa Alaska, mashariki ya Kanada, na Bahari ya Barents juu ya Norwe na Urusi. Wote wana miguu mirefu iliyojaa nyama na kiwiliwili kisicho na mengi ya kumpa mlaji. Kaa akifa huharibika upesi kuliko samaki, kwa hiyo kiwanda hakisubiri. Hupokelewa hai, hukatwa nusu mbili, kila nusu na miguu yake imeshikana begani, hupikwa, kisha hugandishwa, mara nyingi ndani ya maji makali ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Mwisho huvikwa koti jembamba la barafu ili hewa ya friza isiikaushe nyama. Kwa hiyo unapolipia kilo, sehemu ya kilo hiyo ni maji.

Ukiyajua hayo, masharti ya jikoni yanajipanga yenyewe. Kazi ya nyumbani ni kupasha tu. Chumvi imeshaingia, haitiwi nyingine. Kuchemsha ndani ya maji mengi hakufai, kwa sababu maji huingia kwenye gamba palipokatwa na kuuosha utamu, mvuke unatosha. Miguu iyeyuke barafu ndani ya friji usiku kucha, juu ya sinia la kukingia maji, kisha iwekwe kwenye chungio juu ya sufuria yenye maji ya vidole viwili yanayotokota, ifunikwe. Ya kaa wa theluji itakuwa tayari kwa dakika 4 au 5, ya kaa mfalme aliye mnene kwa dakika 6 au 7. Asiye na chungio la kufaa aifunge kwenye karatasi ya aluminiamu na kijiko cha maji, aitie ndani ya oveni. Harufu ikianza kutembea chumba cha pili, itoe.

Huyo kaa mfalme, kwa kweli, si kaa halisi. Wataalamu wa viumbe humweka ukoo mmoja na yule anayejibanza ndani ya kombe la konokono aliyekufa na kutembea nalo ufukweni. Mhesabu: mbali na magando utamwona na jozi tatu za miguu, ilhali kaa wa kweli ana nne. Jozi yake ya nne ni ndogo mno na huifichia ndani. Hili halibadilishi mapishi, ila huwa linanifurahisha kumwona mfalme akiwa ni mpangaji aliyepata nyumba yake mwenyewe.

Bei anayoificha mdogo wangu nayo ina sababu. Oktoba 2022 jimbo la Alaska lilifuta msimu wa kaa wa theluji wa Bahari ya Bering kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kaa wapatao bilioni 10 walikuwa wametoweka tangu 2018. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka uliofuata ulionyesha kwamba joto la bahari la 2018 na 2019 liliongeza mahitaji ya mwili wa kaa wakati chakula hakitoshi na wao wamesongamana eneo dogo, wakafa njaa. Msimu ulifunguliwa tena baadaye, kwa kiasi kidogo.

Sasa geuza kosa la mdogo wangu upate kosa la pili, ambalo naliogopa zaidi. Mtu yuko Dar es Salaam, ana kaa hai kutoka Rufiji, anafungua simu kutafuta namna ya kumpika. Maelezo mengi yaliyojaa intaneti yameandikwa kwa ajili ya ile miguu ya friza, na yanamwambia dakika 5. Anafuata. Kaa anatoka mwekundu, mzuri wa picha, na ndani ni mbichi. Wekundu ni shahidi wa uongo. Rangi hiyo imo ndani ya gamba tangu kaa akiwa hai, imefungwa na protini inayoifanya ionekane kijani au kahawia. Moto mdogo tu unailegeza protini, nayo rangi inajitokeza kabla ya nyama ya katikati kupata joto la kutosha. Na kaa wa maji ya mikoko huweza kubeba bakteria wa jamii ya Vibrio, ukoo wa yule wa kipindupindu. Mdogo wangu alipoteza fedha na chakula cha jioni. Huyu wa Dar anaweza kupoteza zaidi.

Kaa wetu ni kaa koko, ambaye vitabuni huitwa Scylla serrata. Hukaa kwenye matope ya mikoko tangu Lamu hadi Msumbiji na mbele zaidi, na delta ya Rufiji, yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, ni miongoni mwa makazi yake makubwa Afrika Mashariki. Wavuvi humfuata wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashimo yakabaki wazi, wakiwa na fimbo yenye ndoana ya chuma. Mtu huingiza fimbo, husikiliza kwa mkono, na akisikia gamba linagonga hujua hajatoka bure. Kaa anafungwa magando hapo hapo, kwa kamba au kwa ukindu, kwa sababu gando la kaa koko mkubwa halishindwi kuvunja kidole.

Hapa ndipo neno "miguu" linapoanza kutupotosha. Miguu ya kutembelea ya kaa koko ni myembamba, ya kufyonza tu mchuzi ukiwa umeshashiba. Nyama iko mahali pawili. Kwanza kwenye magando. Pili kiwiliwilini, kwenye mashina ya miguu, hasa jozi ya mwisho ambayo ni bapa kama kasia, kwani kaa huyu huogelea. Misuli inayolisukuma kasia hilo imekaa ndani ya mwili, nayo ni bonge jeupe kubwa kuliko yote. Mtu anayekula magando na kutupa kiwiliwili ameacha nusu ya karamu kwenye jaa. Nimewaona wengi, na baadhi yao ni watu wazima.

Kwa hiyo mnunuzi aangalie nini? Mgeuze chali, huku amefungwa. Dume ana kibamba chembamba chenye ncha tumboni, jike ana kipana cha mviringo. Dume wa uzito uleule huwa na magando makubwa zaidi. Anayependa mayai ya ndani atafute jike. Jike aliyebeba mayai nje, chini ya kile kibamba, arudi majini, maana yuko njiani kwenda bahari kuu kuyaachia, na vifaranga wa mwaka ujao ni wake. Kisha mnyanyue. Kaa mzuri ni mzito kuliko macho yanavyodhani. Aliyejivua gamba karibuni huwa mkubwa kwa nje na maji matupu ndani, kwa sababu amejipanua aingie gamba jipya kabla nyama haijaota. Bonyeza gamba karibu na mashina ya miguu, likibonyea muache. Ndiyo maana pwani kuna vikundi vinavyonenepesha kaa ndani ya vizimba vya mikokoni: hununua hawa wepesi kwa bei ndogo, huwalisha kwa wiki kadhaa, huwauza wakiwa wamejaa.

Lazima awe hai. Sisemi hivyo kwa madaha ya mpishi. Tezi ya chakula ya kaa ina vimeng'enya vikali ambavyo, akishakufa, huanza kuimeng'enya nyama yake mwenyewe, na katika joto la kwetu saa chache zinatosha kuifanya uji. Aliyekufa ndani ya kapu sokoni, hata muuzaji akuapie kwamba kafa sasa hivi, si wako.

Mimi nilijifunza namna ya kumuua kwa aibu. Wageni wamekaa sebuleni, maji yanatokota, nikamtumbukiza kaa hai kama ninavyotumbukiza mayai. Alipapatika, akaachia magando yote mawili na miguu kadhaa, kila kimoja kikielea kivyake, na maji yakaingia mwilini kupitia matundu yaliyobaki. Kaa ana mahali maalumu kwenye shina la mguu pa kujikatia, kama mjusi anavyoacha mkia, ili adui abaki na mguu na yeye aokoke. Ndani ya sufuria hakuna pa kuokokea, lakini mwili haujui. Matokeo ni nyama ya majimaji na mnyama aliyeteseka bila sababu.

Dawa ni baridi. Mzike ndani ya barafu nusu saa au zaidi, mpaka ukimgusa jicho halirudi na miguu imelegea. Hapo mlaze chali, inua kibamba cha tumboni, piga ncha ya kisu imara au msumari mnene chini yake moja kwa moja hadi ndani. Kamba ifunguliwe baada ya hapo, si kabla. Wapo watakaosema huu ni ulaini wa kizungu. Kweli Uswisi imepiga marufuku tangu 2018 kutumbukiza kambakochi hai kwenye maji ya moto bila kumzimisha kwanza, na Uingereza iliwaingiza kaa na jamaa zake katika sheria yake ya 2022 ya wanyama wenye hisia. Lakini mtu asiyejali sheria hizo na ajali magando yake. Aliyetulia hayaachii.

Sufuriani, kaa wa nusu kilo anayepikwa mzima anataka dakika 12 hadi 15 tangu maji yaanze tena kutokota. Wa kilo moja anataka kama 20. Huyu ndiye anayehitaji chumvi, na nyingi, kama maji ya bahari anakotoka. Hapa mama alikuwa sahihi kabisa.

Ila kwetu mara nyingi hapikwi mzima, na hapo kuna madhehebu mawili ya jikoni. La kwanza humchemsha kaa, humchambua nyama yote, kisha huitia nyama kwenye mchuzi. Mchuzi huo ni safi, mikono haichafuki, na ladha yake ni ya kinyonge. La pili, ambalo mimi ni muumini wake, humpasua kaa mbichi baada ya kumuua: toa kifuniko cha mgongoni, ng'oa matamvua, mkate vipande vinne, yagonge magando kwa mchi mara moja tu, ukiwa umeyafunika kwa kitambaa vipande visiruke. Matamvua watu husema yana sumu. Hayana, ila ni chujio la matope na hayaliki. Ile rojo ya njano ni ile tezi niliyoitaja. Ni tamu, lakini ndiyo inayokusanya madini mabaya kama kadimiamu, kwa hiyo kaa wa karibu na viwanda au mifereji ya jiji nisingemlamba rojo.

Kisha kaanga kitunguu, thomu, tangawizi na bizari, tia nyanya, na baadaye tui la pili, lile jepesi. Vipande vya kaa viingie hapo na magamba yake, vichemke kama robo saa, maana gamba ndilo linalotoa ladha kwenye mchuzi. Tui la kwanza, zito, litiwe mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga upande mmoja bila kuacha, la sivyo litakatika. Ukwaju au ndimu baada ya kuepua. Wenzetu wa Singapore wanafuata mantiki hiyo hiyo katika kaa wao wa pilipili, chakula kilichoanzishwa na Cher Yam Tian miaka ya 1950 kwenye mkokoteni kando ya mto Kallang: kaa hukatwa, huvunjwa, na humaliziwa ndani ya mchuzi. Na kaa anayetumika sana huko ni Scylla serrata, mtoto wa mikoko kama wetu.

Siagi ya Wamarekani nayo haikuzuka ovyo. Mguu uliokwisha kupikwa na kugandishwa hauna tena cha kuupa mchuzi; utamu wake umefungwa ndani, ni mwepesi, na viungo vikali vitaufunika. Siagi iliyoyeyushwa na ndimu inaubeba bila kuupigia kelele. Anayetaka lazima tui, kama mdogo wangu alivyotaka safari ya pili, atengeneze mchuzi peke yake mpaka uive kabisa, kisha miguu itumbukizwe dakika 3 au 4 za mwisho. Ladha ya gamba aliipata kwa ujanja: aliweka kwenye friza magamba ya mlo uliotangulia, akayachemsha nusu saa, akachuja, akatumia maji hayo kukamua nazi. Chumvi hakugusa.

Kabla ya kuzungumzia meza, lazima tuzungumzie nani anakaa mezani, jambo ambalo vitabu vya mapishi vya ng'ambo huliruka. Uislamu wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafii kwa sehemu kubwa, na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj anamtaja kaa pamoja na chura na nyoka katika wale wanaoishi nchi kavu na majini, wasioliwa. Wapo wanazuoni waliotofautisha kaa asiyeishi ila baharini, na Wamaliki wanaruhusu. Kwa hiyo nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na majibu mawili, moja ikipika kaa na nyingine ikifunga dirisha. Wasabato nao hawamli, kwa kufuata Walawi sura ya 11, isemayo wa majini aliwe mwenye mapezi na magamba. Gamba la kaa halihesabiki hapo. Mwenye kualika na aulize mapema, wala asifiche kaa ndani ya sambusa.

Aulize pia kuhusu mzio. Protini inayowadhuru wenye mzio wa kaa na kamba haiharibiwi na moto, hutoka na kuingia kwenye mchuzi, na wengine hata mvuke wake unawabana kifua. Kumtolea mtu kipande chake pembeni hakusaidii kama mwiko ni mmoja.

Kupakua kaa ni kugawa kazi. Nyama haifiki nusu ya uzito uliolipia, na kila gramu inadai kuvunja, kuchokoa na kufyonza. Nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia mwanamke mmoja anayewachambulia watoto, baba na babu asiye na meno, na yeye akabakiwa na miguu. Hoteli huiuza kazi hiyo ndani ya bei. Pale Dabaso, ukingoni mwa hori la Mida karibu na Watamu, kikundi cha wenyeji kinachotunza mikoko kina mkahawa juu ya maji, na sambusa zao za kaa zimepata jina kwa sababu mlaji anapokea nyama tupu. Florida wanakula magando tu: mvuvi huchukua gando la kipimo cha sheria, humrudisha kaa majini aote jingine, na gando hupikwa papo hapo, hupozwa, huvunjwa jikoni na kuliwa baridi kwa sosi ya haradali.

Ushauri wangu uko katikati. Magando yavunjwe jikoni, nyama ibaki ndani ya gamba. Miguu mirefu ya friza ikatwe kwa mkasi kwa urefu, upande wa chini ulio laini, kila mtu afungue kama bahasha. Kaa mmoja wa nusu kilo kwa kila mla, na wali wa nazi au mkate wa mofa wa kufutia mchuzi. Mabakuli mawili kati ya kila watu wawili, moja la maji ya vuguvugu na ndimu, jingine la makapi, la pili liwe kubwa kuliko unavyodhani. Mkeka unashinda meza. Nguo nyeupe ni ya siku nyingine. Na msiwe na haraka. Mnyama huyu hakupewa bure jina linalotuamuru tukae. Makapi yafungwe mfukoni na kutolewa nje usiku huo huo, maana asubuhi harufu itakuwa imewaamsha majirani kabla yenu.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alipiga tena. Mama mkwe wake anakuja kutoka Columbus, ni mara yake ya kwanza kula kwao, na yeye sasa ana uhakika wa mvuke, wa dakika, wa tui na wa mkasi. Nikamuuliza kama anajiona akifyonza gando mbele ya mama mkwe, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko. Akanyamaza kidogo. Amepika kuku.